Kisa cha shemeji: miaka 24 jeshini, alafu hakuna anayekuhesabu

Nianze na siku ya kichura maana ndo siku niliyojua kwamba tuna shida.

Nina duka la spea za pikipiki hapa Msamvu, Morogoro, duka la kawaida tu, mimi na fundi mmoja kijana wa miaka 22. Shemeji yangu, mume wa dada, alikua ametoka jeshini kama mwaka hivi, dada akaniomba nimpe nafasi dukani, "hata akae tu mdogo wangu, akikaa nyumbani ananimaliza." Nikasema sawa, mtu mwaminifu, hela haitapotea, na kweli haikupotea hata mia. Ila wiki ya pili nimeenda Kariakoo kufuata mzigo, jirani wa duka la pembeni ananipigia anacheka mpaka maneno hayatoki, anasema wahi uone fundi wako anarushwa kichura mbele ya watu. Kosa lake kafika saa tatu wakati duka linafunguliwa saa mbili. Shem yeye alishafika saa kumi na mbili kamili, kashafagia mpaka kwa majirani, kapanga taili kwa saizi, na kafungua daftari ameandika muda wa kila mtu kuingia na kutoka, pamoja na mimi mwenye duka, "mmiliki katoka 0540 kuelekea Dar, hakusema atarudi saa ngapi."

Kijana karuka kichura tano, kavua ovaroli, kaondoka, hakurudi tena. Na shem mpaka leo ukimuuliza haoni kosa lilikua wapi, anasema mbona alimpa adhabu ndogo.

Nimeamua kuandika kisa hiki kwa urefu, jina silitaji na kambi sizitaji, yeye mwenyewe anajua naandika na kasema sawa ila nisimfanye chizi. Naandika kwa sababu familia nyingi zina mtu wa hivi na zinamuelewa vibaya kama sisi tulivyomuelewa vibaya, tena kwa miaka karibu miwili.

Shem aliingia JWTZ 1995 akiwa kijana wa kijijini aliyemaliza form four, akatoka 2019 akiwa sajini taji. Katika hiyo miaka 24 dada alikaa naye kota kama miaka minne tu ukijumlisha vipande vipande, muda wote uliobaki dada alikua hapa Morogoro kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo, na shem anakuja likizo, analeta mchele na kreti za soda, watoto wanafurahi, siku ishirini na nane zikiisha anabeba begi. Kongo alienda mwaka 2013 na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wale waliopigana na waasi wa M23 kwenye vilima vya juu ya Goma mpaka M23 wakasalimu amri mwezi wa 11 mwaka huohuo. Hilo ni jambo ambalo kila mtu mtaani analijua kuhusu yeye na ndilo lililotupoteza kabisa, nitaeleza.

Alivyotoka hakukua na sherehe. Majenerali wakistaafu wanaagwa kwa gwaride na bendi, wengine wanavutwa kwenye gari na maafisa wenzao, unaona kwenye taarifa ya habari. Sajini taji anazunguka na fomu. Anaenda stoo anarudisha vifaa kimoja kimoja, anasaini, anaenda ofisi ya pili anasaini, mpaka fomu inajaa. Shem anasema kilichomuuma sio kurudisha vitu, ni kwamba yule kijana wa stoo alikua anachati huku anahesabu, akasema "umemaliza mzee, unaweza kwenda." Mzee. Jana yake alikua afande. Akasimama nje ya stoo kama dakika kumi hivi hajui aelekee wapi kwa sababu kwa miaka 24 kulikua hakuna saa ambayo hajui anatakiwa awe wapi.

Kiinua mgongo kilivyoingia ndugu nao wakaingia, hiyo sehemu kila mtu anaijua siwachoshi. Walinunua Noah ya biashara, dereva akaila, ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Turudi nyumbani maana huko ndo kuna mambo. Saa kumi na nusu alfajiri shem yuko macho, amevaa, ametandika kitanda upande wake huku dada bado amelala upande mwingine (hii dada anaisimulia vizuri sana, anasema nilikua naamka shuka limenibana kama maiti). Saa kumi na moja anagonga mlango wa watoto. Watoto wenyewe mmoja yuko chuo, mmoja form three, yule wa mwisho darasa la sita. Fatiki! Huyu afagie, huyu amwagie maua, huyu aoshe vyombo ambavyo viko safi. Jumapili mchakamchaka mpaka njia ya Kihonda na kurudi, tena na chenja anawaimbisha, binti wa form three akawa anajifunika kofia watu wasimjue. Chakula kikichelewa robo saa anakaa mezani kimya anaangalia saa. Mgeni akisema nakuja saa nne akafika saa tano, shem anampokea vizuri, anamkaribisha chai, alafu akiondoka tu anatoa neno lake moja: raia.

Hilo neno kwake lilikua ni tusi. Akili za kiraia, usafiri wa kiraia, mnapika kiraia. Siku moja nikamtania, shem hivi ile W ya JWTZ si ni Wananchi? Maana historia ndo hiyo, wale Tanganyika Rifles waliasi Januari 1964, jeshi likavunjwa, na Septemba mosi mwaka huohuo likaundwa jipya likapewa jina la wananchi makusudi kabisa ili askari asijione mtu wa pembeni. Akacheka kidogo akasema, "W ndio nyie, lakini hampangi foleni."

Sasa hapo kila mtu ana uchambuzi wake. Majirani: kachanganyikiwa na Kongo. Mama mkwe, yani mama yangu mimi: kuna kitu karogwa huko, akaleta watu wa maombi, shem akawapangia viti kwa mstari na akawauliza ibada inaisha saa ngapi. Mtoto wa chuo kasoma soma mtandaoni akasema baba ana ugonjwa wa wanajeshi ule wa kushtuka na mabomu. Na mimi nikaamini hilo la mwisho, coz linaonekana la kisomi.

Tukampeleka hospitali, kliniki ya afya ya akili. Na hapa nisieleweke vibaya, kumpeleka ilikua sahihi na ningerudia. Askari anayeshtuka usiku, anayeona waliokufa, anayekunywa mpaka asubuhi au anayeanza kusema bora nife, huyo apelekwe hospitali, tena haraka, na bastola kama ipo ndani iondoke kwanza. Ila daktari alimhoji karibu saa nzima, akatuhoji na sisi, mwisho akasema usingizi wake mzuri, hashtuki, Kongo anaizungumza bila shida, kwa leo sioni ugonjwa huo mnaousema ila mlete tena mwezi ujao, na mzungumzeni, huyu mtu ana huzuni. Tukatoka pale tumechukia kidogo, tulitaka dawa.

Lakini kumbe daktari alisikia kitu ambacho sisi kilikua kinatupita kila siku. Kongo shem anaisimulia kwa raha! Anakuambia mvua ya Sake, matope ya udongo mweusi wa volkano, watoto wa Goma wanavyowasalimia kwa Kiswahili chao, "aksanti" badala ya asante, namna walivyokua wanapika ugali kwa pamoja na Wamalawi wanauita nsima wanabishana nani anajua kuusonga. Hata mambo mabaya anayasema, anayasema kwa sauti ya chini lakini anayasema. Kinachomfanya anyamaze ni ukimuuliza leo umefanya nini.

Jambo lenyewe likaja kujitokeza 2021, na ni msiba. Kuna mwenzake, walianza ukuruta pamoja, wakakaa hanga moja, huyo jamaa alistaafu akarudi kwao Tabora. Akafariki kwa kuumwa. Kazikwa Jumatano, shem kapata habari Ijumaa, tena kwa bahati, mtu katuma picha ya kaburi lenye mashada kwenye grupu la watu wa kijijini kwao ambalo halihusiani hata na jeshi. Namba ya shem ilikua imebadilika, wenzake walimtafuta hawakumpata.

Alikaa siku tatu. Saa kumi na nusu hakuamka, ndo dada akaogopa, akanipigia kama vile mtu kapotea. Nikaenda. Nimemkuta barazani na kaptura na singlendi, ndevu hajanyoa, mimi sijawahi kumuona na ndevu. Nikakaa. Hatukuongea kama nusu saa, alafu akaanza mwenyewe, nitaandika navyokumbuka:

"Shem, kambini ukikosekana dakika tano tu jina lako linaitwa. Asubuhi wanakuhesabu, mchana wanakuhesabu, usiku wanakuhesabu. Ukiumwa mtu anasema fulani yuko sick. Ukitoroka wanakutafuta wakufunge, lakini wanakutafuta. Sasa mimi hapa naweza kukaa kwenye hiki kiti wiki nzima na hakuna sehemu yoyote nchi hii jina langu litaitwa nikakosekana. Na yeye kafa, hesabu imepungua, na sikuwepo kwenye mstari."

Mimi nilikua nadhani anakumbuka bunduki. Au cheo, au kuogopwa, au mshahara. Nilikua nadhani zile kelele za saa ni ukali. Kumbe mtu anatafuta rolikoli. Zile fatiki za watoto, lile daftari la dukani kwangu na ile "mmiliki katoka 0540", alikua anajaribu kuwahesabu watu wake kwa njia pekee anayoijua, na alikua anatusubiri na sisi tumhesabu. Sisi tukawa tunamuona kero.

Nikakumbuka habari ya baba yake. Mzee yule alikua mgambo, akachukuliwa vita ya Kagera, Amin alipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaenda mpaka ndani Uganda, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, baadae wakarudishwa. Yule mzee hakupata shida hii, au kama aliipata hakuna aliyeiona. Na nadhani najua kwa nini. Alikaa jeshini muda mfupi, alafu aliporudi kijijini alirudi na wenzake, kila kitongoji kina mtu aliyetoka vitani, wanakutana kilabuni, wanalima msaragambo pamoja, mmoja asipotokea wanajua. Hata wazee wa keya waliopelekwa Burma enzi za mwingereza, ninaowasikia kwenye simulizi za babu, walikua wanatafutana, wana baraza lao. Shem yeye alirudi peke yake kwenye mtaa wa mjini ambao jirani wa nyumba ya tatu hujui hata anaitwa nani. Alafu hakukaa jeshini kwa miezi tu, aliondoka baada ya kua hajui maisha mengine, alienda kule kijana wa miaka 20, vitu tunavyojifunzaga sisi raia kwenye hiyo miaka, kupatana bei, kuchelewa na kuomba radhi, kukaa tu bila kazi, yeye hakuvijifunza popote.

Na linganisha na hii: Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki kule Beni, Kongo, ilivyoshambuliwa na wale waasi wa ADF na tukapoteza wanajeshi wasiopungua 14, shem alikua bado yupo kazini hapa nchini. Anasema habari ilifika wakiwa kambini, wakasimama wote, wakalia wote, jioni wakala pamoja ingawa chakula hakikushuka. Msiba mkubwa kuliko wa rafiki mmoja wa Tabora, na aliubeba. Ule wa Tabora alibeba peke yake barazani na singlendi.

Sasa tulifanya nini. Kwanza mimi nilikosea, nikamwambia shem jiunge na chama cha wanajeshi wastaafu, maana kipo, MUWAWATA, na watu wengi kinawafaa. Yeye hakutaka, akasema hataki mikutano, anataka seksheni yake. Watu tisa kumi basi. Ikabidi tuanze kutafuta namba. Ilichukua karibu miezi miwili, namba zimekufa, watu wamehama, mmoja tukampata kupitia mke wake anayeuza vitenge Songea. Wakafika kumi na moja. Mtoto wa chuo akamfungulia grupu la WhatsApp, jina Rolikoli.

Utaratibu ni huu: saa kumi na moja alfajiri shem anaandika "fall in", kila mtu anajibu namba yake, moja, mbili, tatu mpaka kumi na moja. Basi. Akimaliza anaandika "wote wapo." Mtu akiumwa anasema. Nilifikiri itakufa ndani ya wiki, haijafa. Ila isidhaniwe ni mambo mazuri tu, ndani ya mwezi wa kwanza kuna mmoja kaanza kuleta matangazo ya dawa za nguvu za kiume, mwingine siasa, shem akawatoa wote wawili, siku mbili akakaa na namba tisa roho inamuuma, akawarudisha kwa onyo la maandishi. Siku nyingine namba saba hakujibu siku tatu, wakapata taharuki, wakamtuma aliye karibu apande basi aende, saa nne za safari, kamkuta jamaa anakula mihogo, bando limeisha. Aliposikia watu walikua wanamtafuta akalia. Mtu mzima. Eti kwa bando.

Kazi nayo ilikuja kupatikana, kampuni moja ya ulinzi, sio getini, ni kuzungukia malindo usiku na pikipiki kuangalia walinzi kama wapo na kama wamelala. Watu mtaani wakasema jamani sajini taji mzima mlinzi. Yeye hakujali. Kazi yake ni kuhesabu watu, unategemea nini.

Alafu Agosti 2023 jeshi likatoa lile tangazo la kuwapa raia siku saba wasalimishe nguo zote zinazofanana na sare za jeshi. Shem alikua na koti la kombati chini ya sanduku, hajawahi kulivaa tangu atoke, lipo tu na harufu ya dawa ya nondo. Dada akasema si uliache, nani atakuja kukagua. Thubutu! Akalifua, akalipiga pasi mpaka mistari ikatoka, akalikunja vile wanavyokunja wao, akalitia kwenye mfuko, akanipitia dukani nimpeleke. Getini kijana wa lindo akamsimamisha mbali, "wewe raia simama hapohapo, sema shida yako." Mimi nikageuka kumuangalia nikijua leo kutachimbika. Shem kasimama wima, kasema shida yake, kasubiri aitwe, kaingia, katoka mikono mitupu. Njiani akaniambia yule kijana amesimama vizuri, anaangalia mikono ya mtu sio uso, kafundishwa. Akakaa kimya mpaka Msamvu. Neno raia sijamsikia akilitumia kama tusi tangu siku ile, labda ni bahati tu, sijamuuliza.

Lakini kuna sehemu ya kisa hiki ambayo mimi niliikosa kabisa na nikiiacha nitakua nimeandika upande mmoja. Siku moja nipo kwao namsifia dada, unaona sasa shem ametulia, kumbe alikua anataka kuhesabiwa tu. Dada alikua anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Na mimi miaka ishirini na nne alikua ananihesabu nani?"

Nilikosa la kusema. Dada alijifungua watoto wawili shem akiwa hayupo. Nyumba kaisimamia yeye, mafundi kagombana nao yeye, mtoto wa mwisho kaugua homa ya uti wa mgongo dada kalala naye wodini wiki tatu, simu ya shem haipatikani kwa sababu yuko porini. Ile nyumba ilikua na utaratibu wake tayari, ina kamanda wake, alafu siku moja linashuka gari la mizigo na mwanaume ndani anasema kuanzia kesho saa kumi na moja fatiki. Sisi ndugu tukahangaika miaka miwili na huzuni ya shem, hospitali, maombi, grupu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza dada. Na dada hakua amekasirika kivile, alikua anasema tu kama mtu anayesoma bei ya nyanya.

Nilimwambia shem hayo maneno, nikajua labda nimeharibu. Hakunijibu. Fatiki za watoto zikaisha taratibu, binti sasa ndo yuko form six anaamka saa anayotaka. Kitanda bado anatandika upande wake lakini anasubiri dada aamke kwanza.

Juzi nimepita pale kama saa moja jioni, nimemkuta dada kakaa barazani na simu mkononi, mlango wa jikoni uko wazi na sufuria iko jikoni inalia. Nikamuuliza dada unasubiri nini unaunguza mboga.

"Afande hajaripoti."

Kumbe siku hizi akitoka anamtumia meseji akifika, na akigeuza anatuma nyingine. Ya kugeuza ilikua imechelewa dakika arobaini. Tukapiga, akapokea, yuko Mikese, pikipiki imekata cheni na giza linaingia. Nikarudi dukani nikachukua cheni ya Boxer na spana nikamfuata.